Pigo la Nne: Roki na Haja ya Malenga

Kuna dai ambalo nimelisikia mara nyingi kutoka kwa vijana wapiga gitaa na, kwa mshangao wangu, kutoka kwa baadhi ya washairi pia: kwamba Kiswahili hakifai kwa muziki wa roki. Wapiga gitaa husema maneno yetu ni marefu mno, na karibu yote huishia kwa irabu, hivyo hayana ule ukali wa kukata unaotakiwa pale ngoma inapogonga. Washairi husema roki ni kelele ya wageni, na utungo wetu una heshima yake. Makundi haya mawili hayajuani wala hayasikilizani, lakini yametoa hukumu moja. Mimi nimesikiliza roki kwa zaidi ya miaka 20, na nimesoma tenzi kwa muda mrefu zaidi ya huo. Naiona hukumu hiyo kuwa batili, na naona kuna watu inaowaumiza. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha yote mawili.

Nianze na niliyoyagundua kama msikilizaji, kwa kuwa ndiyo yaliyonifikisha kwenye rai hii.

Jina la kwanza ambalo kila mmoja wetu hulitaja roki inapozungumzwa ni Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Mji Mkongwe wa Zanzibar una jumba la makumbusho yake, na wageni hupiga picha mlangoni. Wengi wetu tunajua pia kwamba katika "Bohemian Rhapsody", wimbo wa mwaka 1975, kuna neno moja la Kiarabu ambalo mwana wa pwani hulitamka kabla ya kutia mkono sahanini. Nilipolisikia mara ya kwanza nililirudia mara kadhaa, nisiamini. Hata hivyo furaha ile ina mpaka wake. Neno moja ndani ya wimbo wa Kiingereza ni salamu ya mpita njia. Kujivunia kwamba nyota alizaliwa kwetu hakutupi hata mshororo mmoja wa kuimba.

Ugunduzi wa pili ulinifungua macho zaidi, nao ulitoka jirani, Zambia. Katika miaka ya 1970 vijana wa Lusaka na wa miji ya migodi ya shaba walianzisha roki yao, ambayo leo hujulikana kwa jina la Zamrock. Palikuwa na WITCH, palikuwa na Amanaz na santuri yao "Africa" ya mwaka 1975, palikuwa na Paul Ngozi, na palikuwa na Musi-O-Tunya, kundi lililofanya kazi kwa muda jijini Nairobi. Mwimbaji wa WITCH, Emanuel Chanda, alipewa lakabu ya Jagari. Mpenzi wa lugha atatabasamu hapa: ni jina la Mick Jagger wa Rolling Stones lililotiwa irabu na kuvishwa umbo la Kibantu, kama sisi tulivyofanya kwa shati, baiskeli na daktari. Muziki wenyewe ulikwenda njia hiyo hiyo. Nyimbo nyingi za mwanzo zilikuwa za Kiingereza, kisha Kibemba na Kinyanja vikazidi kuingia, na gitaa la umeme halikulalamika. Bei ya shaba ilipoporomoka, uchumi uliyumba na bendi nyingi zikafifia. Miongo kadhaa baadaye santuri zile zilitafutwa na kutolewa upya, na WITCH walirudi jukwaani hata wakatoa albamu mpya, "Zango", mwaka 2023.

Ugunduzi wa tatu ndio ulioninyang'anya usingizi. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ilitoa mkusanyo wa rekodi za Sunburst, bendi iliyoanzia Dar es Salaam, za kati ya mwaka 1973 na 1976. Nilitarajia kusikia dansi ya kawaida ya wakati ule. Nilichosikia ni gitaa lenye sauti ya kukwaruza, kinanda kinachonguruma, na juu yake Kiswahili. Kati ya nyimbo zile umo uitwao "Enzi za Utumwani". Kumbe jambo ambalo vijana wa leo huniambia haliwezekani lilikwisha kufanyika Dar es Salaam kabla wao hawajazaliwa, na lilifanyika katika jiji ambalo mwaka 1969 wakuu wake walipiga marufuku muziki wa soul kwa hoja kwamba unapotosha vijana.

Tazama sasa miaka hiyo kwa jicho la mshairi. Mwaka 1973 Abdilatif Abdalla alichapisha "Sauti ya Dhiki", tungo alizoziandika gerezani. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alichapisha "Kichomi", na mjadala wa mashairi huru ukawaka: je, utungo usio na vina wala mizani ni ushairi wa Kiswahili, au ni uzungu uliovaa kanzu? Mjadala huo tunausoma vyuoni mpaka leo. Lakini wakati ule ule vijana waliokuwa na magitaa walikuwa wanatatua swali lile lile kwa njia nyingine, yaani namna ya kuchukua chombo cha mgeni na kukisemesha kwa sauti yetu. Wala pande zile mbili hazikuhitajiana kwa kiasi ambacho zingeweza. Washairi walibishana kuhusu karatasi, wanamuziki wakabaki bila malenga. Naamini hasara ile tunaendelea kuilipa.

Tunailipaje? Niliwahi kuhudhuria tamasha dogo la roki jijini Nairobi. Vijana walipiga vyema mno. Kati ya wimbo na wimbo walizungumza na hadhira kwa Kiswahili, wakatania, wakaomba maji, wakamshukuru fundi wa sauti. Kisha wimbo ulipoanza, Kiswahili kikawekwa chini kama kikombe kilichokwisha chai, wakaimba kwa Kiingereza. Nilijiuliza kwa nini lugha inayotosha kuombea maji isitoshe kulilia. Si kwamba wana dharau. Nilipozungumza na mmoja wao baadaye aliniambia kwamba Kiswahili alichofundishwa shuleni kilikuwa cha mawaidha, na kile alichokisikia redioni kilikuwa cha mapenzi. Hasira, hofu, na ule utupu wa saa tisa usiku hakuwahi kuonyeshwa vinakaa wapi katika lugha hii.

Naye alikuwa anasema kweli juu ya mafunzo yake, ingawa si juu ya lugha. Mtu aliyesoma "Al-Inkishafi" ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anajua kwamba mshairi wa Lamu, karne mbili zilizopita, aliyatazama majumba ya Pate yaliyokuwa yakimeremeta kwa taa, akayaonyesha yakiwa magofu, makazi ya popo na buibui, huku akiusuta moyo wake mwenyewe. Wapo wapiga roki nzito wa Ulaya waliojenga kazi zao zote juu ya giza la namna hiyo. Nasi tunalo, lenye vina na mizani, ila tumeliweka kwenye rafu ya mitihani. Mwaka 2020 Duma, watu wawili kutoka Nairobi waliopiga muziki mkali kupita roki ya kawaida, walitoa albamu kupitia kampuni ya Kampala iitwayo Nyege Nyege Tapes. Jina lao walilitoa katika neno la Kikuyu lenye maana ya giza. Wao hawakuogopa kulitafuta giza katika lugha ya nyumbani. Na sisi tunaweza.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mpwa wangu, mwana wa dada yangu, ni mpiga gitaa. Baba yake alipofariki alitunga wimbo wa kumlilia, nao ulikuwa wa Kiingereza. Miezi michache baada ya msiba alikuja nyumbani kwa mama yangu, akaupiga sebuleni kwa gitaa la kawaida. Uliniliza. Mama yangu alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani, kisha akamwuliza: "Mjukuu wangu, umeimba vizuri. Lakini umemwambia nini baba yako?" Kijana akajaribu kufasiri, akakwama. Alinigeukia, akasema: "Mjomba, nikisema kwa Kiswahili inakuwa kama tangazo la msiba la redioni."

Hilo ndilo jeraha ninalolizungumzia. Mjukuu na bibi wameondokewa na mtu mmoja, wako chumba kimoja, na wimbo uliotungwa kwa ajili ya marehemu unapita juu ya kichwa cha bibi. Halikuwa kosa la kijana. Hakuwa na zana, na zana hizo tunazo sisi.

Jioni ile tulikaa naye barazani, nikamwambia aachane na kufasiri. Nikamwuliza ni nini alichokiona nyumbani siku baba yake alipokwisha zikwa. Akasema aliviona viatu mlangoni, na koti ukutani. Mama yangu, aliyekuwa akitusikiliza kutoka ndani, akapaza sauti: "Na ile redio yake mmeisahau?" Tukapata ubeti huu:

Viatu vi mlangoni
Koti lako ukutani
Redio ipo mezani
Baba, wewe umo wapi?

Ni utenzi, bila la ziada: mishororo minne, mizani nane nane, vina vitatu vinavyolingana na cha nne kinachotoka nje. Sidai kwamba ni ubeti mkubwa. Ninaloomba ulitazame ni lililotokea alipouweka juu ya mdundo, kwa kuwa hapo ndipo hoja ya wapiga gitaa inapovunjika.

Roki nyingi hupigwa kwa mapigo manne. Ukihesabu kwa sauti "moja na, mbili na, tatu na, nne na", unapata nafasi nane zilizo sawa. Ngoma kubwa ya mguu kwa kawaida hupigwa kwenye moja na tatu. Ile ngoma ndogo yenye mlio mkavu, ambayo ndiyo inayomfanya msikilizaji atikise kichwa, hupigwa kwenye mbili na nne. Mshororo wa utenzi una mizani nane. Weka kila mizani katika nafasi yake, nao unaenea, bila kubaki wala kupungua.

Lakini si hilo tu. Mkazo wa neno la Kiswahili, isipokuwa katika maneno machache ya mkopo, hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo mshororo wa mizani nane, ukimalizika kwa neno lenye silabi mbili au zaidi, utakuwa na mkazo kwenye mizani ya saba. Na nafasi ya saba katika hesabu yetu ni ipi? Ni "nne". Ni pale pale ngoma kavu inapogonga. Mla-NGO-ni, uku-TA-ni, me-ZA-ni, WA-pi: kila mshororo unaangukia pigo la nne kama jembe kwenye udongo. Hatukupanga hivyo, bali lugha yenyewe ilikwisha kupanga.

Tena mshororo ukigawanyika katikati, mizani nne kwa nne, mkazo wa nusu ya kwanza hukaa kwenye mizani ya tatu, ambayo ni pigo la pili, ngoma kavu tena. Soma "Koti lako ukutani" huku ukipiga kofi kwenye LA na TA, utaisikia roki bila gitaa. Katika "Baba, wewe umo wapi?" mikazo yote minne, BA, WE, U, WA, imekaa juu ya mapigo yote manne, na ndiyo maana swali lile linapiga kifuani. Lakini katika "Viatu vi mlangoni" na "Redio ipo mezani" mkazo wa mwanzo unaangukia katikati ya pigo na pigo, sauti inavutana na ngoma, kisha inarudi nyumbani kwenye nne. Mpwa wangu aliniambia kwamba wapiga roki huutafuta mvutano wa namna hiyo kwa makusudi. Malenga wetu wameufanya kwa karne nyingi.

Na ile lawama ya irabu? Jaribu kupaza sauti ya "t" kwa muda wa pumzi moja. Haiwezekani. Mwimbaji wa lugha yoyote anapotaka kulia kwa muziki huivuta irabu, kwa kuwa konsonanti nyingi hazivutiki kama irabu. Neno la Kiingereza mara nyingi humfungia mlango mwimbaji mwishoni, ilhali la Kiswahili humwachia wazi. Baada ya mkazo wa pigo la nne inabaki irabu moja ambayo unaweza kuikata mara moja, au kuivuta juu ya gitaa hadi pumzi ikuishe. Kile kinachoitwa udhaifu wetu ni mali ambayo wenzetu wangeilipia.

Shairi la mizani kumi na sita nalo linakaa vizuri: ukwapi wa mizani nane, utao wa mizani nane, miraba miwili ya mdundo. Kibwagizo kinafanya kazi ile ile ya kiitikio cha roki, na kile kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa ni kibwagizo kisicho na maneno. Anayetaka kumsumbua mpiga ngoma ajaribu mizani kumi za "Al-Inkishafi", sita kwa nne. Na anayefuata njia ya Kezilahabi asidhani ameachwa nje. Roki ina sehemu ambazo ngoma hunyamaza na sauti hubaki peke yake, na hapo utungo huru una kiti chake.

Nasikia pingamizi tatu, nazo nitazijibu kwa heshima.

Ya kwanza: roki ni ya wageni. Ni kweli kwamba gitaa la umeme halikuzaliwa Bagamoyo. Lakini Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928 aliimba na ala ambazo nyingi zilikuwa zimevuka bahari. Fidla ilikuwa ngeni, na sahani ya santuri ilikuwa ngeni kuliko zote. Leo hakuna anayemwambia mwimbaji wa taarabu kwamba anaiga. Utungo ulizitia ala zile uraia. Na roki yenyewe, tukiifuatilia, inatokana na blues ya watu weusi wa Marekani, wajukuu wa waliochukuliwa kutoka bara hili. Atakayeiita ya Wazungu tu na asome tena historia yake.

Ya pili: roki inafundisha utovu wa adabu. Zipo nyimbo za namna hiyo, kama yalivyo mashairi ya namna hiyo. Muyaka mwenyewe hakuwa mpole kila alipotunga. Kukiachia chombo kwa sababu wengine wamekitumia vibaya ni kumwachia mwizi shamba.

Ya tatu ndiyo nzito: kelele ya gitaa huyafunika maneno, na mshairi anayeheshimu neno hawezi kukubali. Hapa nakiri kuna kazi. Ubeti uliojaa mafumbo matatu kwa mshororo utapotea chini ya ngoma. Roki hudai maneno machache, mepesi kusikika na mazito kubeba. Lakini hilo ndilo sharti la kale la utungo wetu. Mizani nane ni kidogo sana, na aliyeweza kusimulia vita vizima katika mizani nane nane hashindwi kusema "nimeachwa" juu ya gitaa. Kelele inaweza kuwa sonara wetu. Lisiloweza kusikika juu yake huenda halikuwa na haja ya kuandikwa.

Rai yangu basi ni ya kazi, si ya sifa. Malenga mwenzangu, katika mji wako kuna kijana mwenye gitaa. Mtafute. Usiende na mawaidha, nenda na beti nne za utenzi juu ya jambo linalokuuma kweli, lisiwe la mapenzi wala la nasaha. Maliza kila mshororo kwa neno zito, maana litaangukia pigo la nne. Msomee huku ukipiga kofi, kisha mwachie akate, arudie, apindue. Nawe mpiga gitaa, kabla hujasema Kiswahili kinakataa, hesabu mizani. Sheria zake ziko wazi. Sheikh Amri Abedi alizichapisha mwaka 1954, na mtu yeyote anaweza kuzijifunza kwa wiki moja.

Tukizembea, vijana hawataacha kulia. Wataendelea kulia kwa lugha ambayo mama zao na bibi zao hawaielewi, nasi tutaendelea kuandika makongamano juu ya kukua kwa Kiswahili. Lugha hukua pale mtu anapoumia na kuikuta iko karibu. Wimbo wa mpwa wangu sasa una beti saba. Nne alizitunga peke yake.